Maji ya Mgeni

Mji ule ulikuwa na tabia moja ya kuudhi: ulijua kukaribisha watu, haukujua kukaa nao. Daktari wa mifupa alikuja, akakaa miezi saba, akaondoka na friji yake. Mhandisi wa barabara alikuja na mkewe, mke akatazama shule, akatazama vumbi, wakageuza gari siku hiyohiyo. Aliyekaa zaidi ni fundi wa mashine za hospitali, karibu miaka miwili, naye alipoulizwa kwa nini anaaga alijibu kwamba watoto wake hawana pa kuchezea na yeye mwenyewe amechoka kutazama ukuta kila Jumapili. Mshahara haukuwa mbaya, lakini mshahara hauchezi na watoto.

Basi wakubwa wa mji wakakaa vikao mpaka viti vikawachoka, wakaamua kwamba wataalamu hawaji kwa barua, wanakuja kwa maisha. Ikatengenezwa bustani yenye bembea na njia za kutembea. Maktaba ikapakwa rangi na kuletewa vitabu. Nyuma ya uwanja wa mpira likachimbwa bwawa la kuogelea, na barabara kuu ikapata taa na njia ya waendao kwa miguu. Na ili mambo hayo yasikae bure kama vyombo vya kabatini, ofisi ya mji ikafungua dawati la wageni, akawekwa pale mama mmoja mwenye sauti ya upole. Kazi yake ilikuwa kumpokea mtaalamu aliyealikwa, kumtembeza siku nzima, na kuhakikisha anaondoka na hamu ya kurudi. Watu walimwita Bi Karibu, na jina likamganda hata nyumbani kwake.

Bi Karibu alikuwa ameshawatembeza wageni kumi na wanne na hakuwahi kutetemeka. Asubuhi ya mgeni wa kumi na tano alifunga kitambaa cha kichwa mara tatu, na mara zote tatu vidole vilikosea fundo.

"Unafunga kitambaa au unafunga mzigo?" mumewe alimuuliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Hakuweza kucheka. Mumewe alikuwa seremala, na viti vyote vya bustani ile vilitoka mikononi mwake kabla figo hazijagoma. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii, na kwenye mkono wa kushoto mshipa ulikuwa umetuna pale wanapochoma sindano. Mara mbili kwa wiki walisafiri mwendo wa saa saba hadi mji mkubwa ili asafishwe damu, kisha mwendo uleule kurudi. Mwezi uliopita daktari wa huko alimvuta Bi Karibu pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba moyo wa mgonjwa umechoka na safari. Miezi mitatu, labda minne. Zaidi ya hapo asingemdanganya.

Kilichomchoma roho ni kwamba mashine zilikuwepo. Mbili, mpya, hapohapo kwenye hospitali ya mji wao, zimefunikwa nailoni ndani ya chumba chenye kufuli, kwa kuwa tangu yule fundi aage hapakuwa na wa kuzifunga wala wa kuzitunza. Wagonjwa tisa wa mji ule walikuwa wanazipita mashine zao kwenda kuomba za wenzao. Na mgeni wa leo alikuwa fundi wa mashine hizohizo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mumewe alisema, akamkonyeza.

Bi Karibu alitoka haraka machozi yake yasije yakaonekana.

Fundi alishuka garini na mkewe na binti yao wa miaka sita. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na macho yake yalifanya kazi ya watu wawili. Bi Karibu alijua sheria ya kazi yake: mume hutazama kazi, mke hutazama maisha, na uamuzi hutolewa na yule asiyeulizwa. Kwa hiyo alimwangalia mke.

Pamoja nao alikuwepo Katibu wa mji, mtu mnene mwenye mdomo ambao haujawahi kupata likizo. "Hii ndiyo bustani yetu," alisema, kana kwamba ameichimba kwa kucha zake. Mtoto alikimbilia bembea. Bembea ikalia kwa kutu, na Bi Karibu akaona siku zote za mumewe zimening'inia kwenye mnyororo ule. Mke wa Fundi aligeuka, akasikiliza ule mlio, kisha akaketi kwenye kiti kimoja na kupitisha kiganja juu ya mbao.

"Kiti kizuri," alisema. "Aliyekitengeneza anajua mgongo wa mtu."

"Ni fundi wa hapahapa," Bi Karibu alijibu. Hakuongeza neno. Ofisi ilikuwa imemkataza kutia habari za nyumbani kwake kwenye ziara, na yeye mwenyewe aliogopa kwamba akifungua mdomo kuhusu mumewe atapiga magoti palepale kwenye majani.

Maktabani umeme ulikatika kwa dakika mbili, dakika ambazo Bi Karibu alizihesabu moja moja. Shuleni mwalimu mkuu alisahau idadi ya madarasa yake. Kwenye bwawa mtoto alitia mguu, akapiga kelele za furaha, na mama yake akatabasamu kwa mara ya kwanza. Bi Karibu alipata pumzi. Akajionya asishangilie mapema, maana amewahi kuona wageni wakitabasamu mpaka kituoni.

Saa sita walipelekwa nyumba ya wageni kupumzika. Mke wa Fundi alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akajaza glasi, akanywa yote.

"Maji yenu matamu!" alisema. "Huko tunakokaa maji yana ladha ya msumari."

Bi Karibu alishtuka. Maji ya mji ule yalitoka kwenye visima virefu na yalikuwa na chumvi; chai ilitaka sukari mara mbili, na sabuni ilikuwa inagoma kutoa povu. Alijaza glasi naye, akaonja. Matamu kweli. Alimtazama Katibu, na Katibu akamtolea jicho la nyamaza. Dirishani, nyuma ya ua, alama za magurudumu ya lori zilikuwa bado mbichi kwenye udongo.

Alimfuata Katibu kwenye varanda. "Mzee, mmeleta maji ya chemchemi?"

"Sasa ulitaka tumwoshe mgeni kwa chumvi?" Katibu alinong'ona, mwenyewe amefurahi. "Lori limekwenda mlimani mara tatu tangu jana. Tumejaza tangi la hapa, na la hospitali pia. Mgeni hanyweshwi aibu, Bi Karibu."

Lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa watu wa mji ule. Hata nyumbani, akija mgeni wa heshima, mtu alikwenda kwa jirani mwenye gari kuomba ndoo mbili za maji ya mlimani. Bi Karibu mwenyewe amefanya hivyo mara nyingi. Alirudi ndani kama mtu aliyesahau kitu asikijue ni kipi.

Hospitalini kufuli lilifunguliwa na nailoni ikavuliwa. Fundi alizizunguka zile mashine mbili polepole, akizigusa kama mtu anayekagua farasi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akaziacha, akaenda kwenye sinki la ukutani na kutoa mkobani chupa ndogo, vijikaratasi vya kupimia, na kidude chembamba kama kalamu. Akafungua bomba, akayaacha maji yatiririke, akakinga. Akavaa miwani yake. Chumba kizima kikanyamaza, hata Katibu.

"Haya maji ni zawadi," Fundi alisema hatimaye, na uso wake ukafunguka. "Chumvi karibu hakuna. Kwa maji haya sihitaji mtambo mkubwa wa kuyasafisha. Mdogo unatosha, na ninajua pa kuupata. Nikianza kazi, wiki tatu mashine zinazunguka."

Wiki tatu. Furaha ilimpanda Bi Karibu mpaka masikioni, akamwona mumewe amelala kwenye kitanda kile, dirisha wazi, na nyumba yao mwendo wa dakika kumi.

"Baba, kwani mashine inakunywa maji?" mtoto aliuliza.

Fundi alichuchumaa. "Inakunywa sana. Mgonjwa mmoja, akilazwa mara moja tu, lita zaidi ya mia moja zinapita. Huku damu yake, huku maji, katikati kijiwambo chembamba kuliko karatasi. Kibaya kilichomo kwenye maji kinavuka. Chumvi ikizidi, mtu anatapika, presha inapanda, moyo unaweza kusimama. Hata ile dawa inayotiwa majini kuua vijidudu, mdomoni haina neno, lakini ikifika kwenye damu inaipasua. Kwa hiyo baba anapima maji kwanza."

Furaha ya Bi Karibu ilizimika palepale. Alimtazama Katibu, na Katibu akaanza kusifia rangi ya kuta.

Alimkamata kwenye korido, mbele ya mlango wa stoo, wageni wakiwa bado ndani.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia wiki tatu," Katibu alijibu. "Wewe hukusikia wiki tatu?"

"Amepima maji ya lori!"

"Na atapata maji ya lori. Tutaleta kila siku."

"Lori lile?" Bi Karibu alisema. "Lori ambalo mwezi huu limelala gereji siku tisa?"

Alijua kitakachotokea, kwa sababu alishaona kikitokea. Lori likiharibika, tangi la hospitali likikauka, mhudumu yeyote mwenye huruma atakwenda nyuma ya jengo na kuzungusha koki ya bomba la mji, maji ya chumvi yaingie, kazi iendelee. Hatamwambia mtu. Ataona amesaidia. Na ndani, kwenye ule mtambo mdogo ulionunuliwa kwa ajili ya maji ya mlimani, mtu atakuwa amefungwa mipira mkononi, anasoma gazeti.

"Mwambie basi," alisema. "Mzee, mwambie mwenyewe."

Katibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimwekea Bi Karibu mkono begani, na macho yake yakalowa. "Dada yangu, kumi na wanne wamekwenda. Huyu akijua tumemchezea hata kwenye maji, atatuamini wapi tena? Akishahamia, mtoto yuko shuleni, mke ana marafiki, tutamweleza taratibu. Mtu akishatandika kitanda haondoki ovyo. Wewe ndiye wa kunikumbusha hili? Wewe, na mzee yule nyumbani? Nyamaza, mama. Nyamaza kwa ajili yake."

Bi Karibu alinyamaza. Alinyamaza wakirudi garini, alinyamaza wakipita barabara kuu yenye taa zake. Aliogopa pande zote mbili. Akisema, huyu mtu anaondoka, na mumewe anakufa barabarani. Asiposema, mumewe anapona wiki tatu, miezi miwili, mpaka siku ya koki. Akajaribu kujidanganya kwamba siku hiyo pengine haitafika. Akajaribu kufikiri kwamba yeye atakuwa anakwenda kulinda koki mwenyewe, usiku na mchana, kama mlinzi wa benki. Halafu akawakumbuka wale wanane wengine. Yupo mwalimu kijana wa hesabu, yupo bibi anayeuza nyuzi. Nani angewalindia koki wao?

Ofisini mkataba ulikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake. Katibu aliagiza chai. Fundi alimtazama mkewe. Yule asiyeulizwa akaulizwa.

Mke wa Fundi hakumjibu mumewe. Alimgeukia Bi Karibu. "Dada, umetuonyesha vizuri siku nzima, lakini wewe mwenyewe hujasema kitu. Ungekuwa mimi, ungemleta mwanao hapa?"

Chai ilikuwa inamiminwa, na sauti yake ilijaza chumba. Bi Karibu alifungua mdomo aseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, amelisema kwa wageni kumi na wanne.

"Fundi," alisema, "maji uliyopima si yetu."

Katibu alicheka kwa nguvu. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Yameletwa kwa lori kwa sababu yako. Ya kwetu yana chumvi. Yana dawa nyingi pia. Lori likikwama watafungulia ya bomba, na hawatakuambia. Mimi nawajua."

Fundi aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti, na Bi Karibu angeona heri angepandisha. "Maji yenu nitayaona wapi?"

"Kwangu," alisema. Hakupata mahali pengine pa kufikiria.

Njia ya kwenda kwake haikuwa kwenye ratiba ya ziara. Hapakuwa na taa wala njia ya miguu. Palikuwa na mfereji uliofunikwa vipande vya mbao na majirani waliosimama milangoni kutazama gari la ofisi. Katibu alibaki ofisini, amejishika kichwa. Bi Karibu aliketi mbele, akimwonyesha dereva njia.

Mumewe alikuwa palepale dirishani. Alipoona wageni alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. "Karibuni," alisema. "Samahani, mwenye nyumba anakaribisha kwa kuketi."

Fundi alimsalimia, akapita jikoni. Alikinga maji kwenye chupa, akatia kile kidude, akasoma, akasoma tena. Kijikaratasi cha kupimia dawa kiligeuka rangi kabla hajamaliza kuhesabu sekunde. Aliporudi chumbani, macho yake yaliangukia mkono wa kushoto wa seremala, ule mshipa uliotuna, kisha miguu. Akavua miwani. Alimgeukia Bi Karibu taratibu.

"Ni mumeo?"

"Ndiyo."

"Ulijua nimesema wiki tatu."

"Nilijua."

Fundi aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akainua ile chupa. "Kwa maji haya unatakiwa mtambo mwingine kabisa," alisema, sasa akimweleza mgonjwa mwenyewe. "Matangi ya kuchujia, ya kuondoa dawa, na bomba la peke yake lisiloguswa na mtu. Unaagizwa mbali. Kuja, kufungwa, kujaribiwa… miezi sita. Nikisema mitano nitakuwa muongo. Na kabla ya hapo simlazi mtu kwenye mashine zile hata akinililia."

"Kwa hiyo unakuja?" seremala aliuliza.

Fundi alimtazama mkewe. Mke alikuwa mlangoni, amemshika mtoto mabega. Alikuwa mwalimu, na alijua kuhesabu. Aliitazama miguu ya yule mgonjwa, akajibu kwa sauti iliyokauka: "Tunakuja. Bustani hata kwetu ipo; wa kutuambia ukweli ndiye hatujampata."

Wageni wakaondoka, naye akamweleza mumewe habari ya lori na ya koki. Bi Karibu alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, akisubiri utani. Mumewe alikuwa na utani wa kila kitu. Alishawahi kumtania hata daktari aliyempa habari za figo. Akingoja, alikuwa anahesabu kichwani: mitatu, labda minne. Sita. Alirudia hesabu kama vile safari hii ingetoa jibu lingine.

"Ungenyamaza, wiki ya nne ningekuwa nalala hapo hospitali," mumewe alisema.

"Ndiyo."

"Na siku lori likikwama?"

"Pengine ungekuwa wewe juu ya mashine. Pengine yule mwalimu wa hesabu. Sijui." Alipiga hatua moja, akasimama. "Nimekuua, baba? Niambie. Nimekuua?"

Seremala aliitazama mikono yake. Midomo ilicheza kidogo, akitafuta neno la kuchekesha, lisije.

"Umefanya sawa," alisema. Kisha sauti ikampasuka. "Lakini naogopa, mke wangu. Naogopa sana."

Bi Karibu aliketi sakafuni karibu na ile miguu iliyovimba, akaikumbatia yote miwili. "Na mimi," alisema. Walikaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuingia giza, halafu akainuka kupanga nguo za safari ya kesho.